Andika Alivyosema Mtoto

Ukiwa na mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne nyumbani, nunua daftari. La duka la mtaani linatosha. Lifungie kalamu kwa uzi, kisha ulitundike jikoni kwenye msumari usiofikiwa na mikono midogo. Jikoni ndiko maneno mengi ya watoto yanakozaliwa: wewe uko na mwiko, yeye yuko sakafuni na vifuniko vya sufuria, na ghafla anauliza kwa nini maji yanalia. Usijiambie kwamba utakumbuka. Baada ya mwezi utakumbuka tu kwamba mlicheka, na ukiombwa usimulie utamsemea mtoto kwa Kiswahili chako cha mtu mzima, na kile kilichowachekesha hakitakuwamo tena.

Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, alianza kuandika mambo ya mwanawe wa kwanza mwaka 1839, mtoto alipozaliwa, na akayachapisha mwaka 1877. Humo tunasoma kwamba mtoto alipotimiza mwaka mmoja alijibunia neno lake la chakula, "mum". Kama baba yake angeandika tu kwamba mtoto aliomba chakula, neno hilo lingekuwa limepotea zamani.

Katika daftari lako andika tarehe, umri wa mtoto kwa miaka na miezi, maneno yake kama yalivyotoka mdomoni, na jambo lililotangulia. Hilo la mwisho ndilo wazazi wengi huliacha, na bila hilo maneno hayana uhai. Mtoto mmoja wa jirani zetu, wa miaka mitatu hivi, alikuwa amekaa karibu na redio. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kitambaa cha kupangusia meza, akauliza, "Yamemwagika wapi?" Ukiandika maneno hayo matupu hayamchekeshi mtu. Andika kwamba redio ilikuwa inasoma habari za kufurika kwa maziwa ya Bonde la Ufa. Maziwa ya Nakuru, Naivasha, Baringo na Bogoria yalikuwa yamepanda kwa miaka, na kufikia 2020 maji yalikuwa yameshafunika lango kuu la mbuga ya Nakuru na kuingia kwenye nyumba za watu kule Mwariki. Mtoto alijua maziwa ya aina moja tu, yale ya kikombe, na alijua pia kwamba kitu kikimwagika kinapanguswa. Aliyelelewa kwa Kikuyu angenaswa vilevile, maana huko nako maziwa ya kunywa ni iria na ziwa ni iria.

Eneo letu hili la Nakuru lina utajiri wa namna hiyo kuliko sehemu nyingi. Mtoto wa Nakuru anaweza kusikia Kikuyu kwa shosho wake kule Bahati, Kikalenjin kwa kogo (nyanya) wake kule Rongai, Kiswahili na Sheng kwenye ploti, na Kiingereza siku atakapoanza chekechea. Naye huzigawa lugha hizo kwa kanuni zake mwenyewe. Yuko anayedhani kila bibi mwenye kitambaa kichwani anaongea Kikuyu, kwa hiyo anamwamkia mama muuza omena sokoni kwa Kikuyu safi, na mama yule anamjibu kwa Kijaluo, na wote wawili wanaridhika. Unapoandika, acha lugha zilivyochanganyika. Usimtafsirie mtoto. Ukitaka, weka maelezo chini kwa ajili ya atakayesoma miaka ijayo.

Majina nayo yana visa vyake. Katika familia za Kikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akina baba wengi humwita binti huyo mama, kwa upendo na kwa heshima. Basi usishangae binti wa miaka mitatu akimwamuru babake aketi ale na kunawa mikono, na akiulizwa yeye ni nani ajibu, "Mimi ni mama ya baba." Kwa Wakalenjin, Kiprotich ni mvulana aliyezaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani jioni. Mtoto wa jina hilo anayelelewa ghorofani, akishaelezwa maana yake, ana haki ya kuuliza ng'ombe wake wako wapi. Andika na asili ya jina pale pembeni, kwa sababu mjukuu atakayesoma huenda asiijue.

Lipo pia swali la nani anayesikia maneno hayo. Ukweli ni kwamba mzazi anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku hasikii sehemu kubwa ya anayosema mwanawe. Anayesikia ni anti wa kazi, au shosho, au mama wa kituo cha kulelea watoto, na zaidi ya wote ni kaka na dada zake. Kwa hiyo daftari liwe la wote. Ukifika nyumbani, kabla ya kuuliza kama mtoto amekula, uliza, "Anti, leo amesema nini?" Akikuambia, andika mbele yake. Utaona kwamba kuanzia kesho yake ataanza kukuwekea maneno, na utaona pia kwamba amejisikia kuwa ni mlezi, na kweli ndivyo alivyo.

Sara Harkness na Charles Super, watafiti Wamarekani, waliishi mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika jamii ya Wakipsigis iitwayo Kokwet, kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Waliona kwamba mtoto mdogo alikuwa akishinda mikononi mwa dada yake mkubwa, na kwamba wazazi walipomsifu mtoto kwa akili, kwa neno lao ng'om, walimaanisha akili ya nyumbani pia: mtoto anayeona kazi na kuifanya bila kutumwa. Nalipenda jambo hilo, kwa sababu linatukumbusha kuandika matendo pamoja na maneno. Mtoto anayeosha viatu vya baba kwa maji ya kunywa, anayewamwagia kuku sukari kwa sababu wamekula mahindi makavu siku nzima, anayefagia unga wa ugali chini ya kitanda, huyo anafanya kazi kama alivyoielewa. Kabla ya kugomba, jiulize alikuwa anasaidia nini. Kisha mpe kazi ya kweli inayomtosha: kuleta kijiko, kubeba kifuniko cha sufuria, kuwafukuza kuku wasiingie ndani. Nyumba yenye mtoto mwenye kazi yake hupata hasara kidogo ya sukari.

Sasa tuje kwenye makosa ya lugha, maana hapa wazazi wengi hukimbilia kusahihisha na kuua mambo. Sikiliza mtoto anayenyoosha mikono juu akilia, "Nikubebe! Nikubebe!" Anataka kubebwa yeye. Lakini siku zote amesikia nini kabla ya kuinuliwa? Amesikia wewe ukimuuliza, "Nikubebe?" Kwake yeye neno hilo lote ni jina la kupanda mgongoni. Hajakosea kusikia hata kidogo. Anasikia vizuri mno, ila bado hajajua kwamba "ni" na "ku" hubadilishana viti kulingana na anayesema.

Watoto wanaokua na Kiswahili wamechunguzwa. Mwaka 2005 mtaalamu wa isimu Kamil Ud Deen alichapisha kitabu kilichotokana na mazungumzo ya watoto wanne wa Nairobi. Watoto wale walidondosha mara kwa mara kiambishi cha nafsi, au cha wakati, au vyote viwili, lakini irabu ya mwisho ya kitenzi waliiweka mahali pake. Utayaona hayo sebuleni kwako. Mtoto anasema "anguka" akionyesha kikombe, au "meanguka", na wiki kadhaa baadaye "kimeanguka", bila mtu kumfundisha. Kazi yako ni moja tu: mrudishie neno likiwa zima ndani ya jibu la kawaida. "Eeh, kikombe kimeanguka. Tukiokote?" Usimwambie "sema vizuri". Usimsimamishe arudie. Akisema "lafiki yangu" wewe mwambie, "Rafiki yako amekuja?" na mwendelee. Na ninakuomba usichukue matamshi yake ukamjibu nayo, hata kama yanapendeza namna gani. Yeye anajifunza kwako, nawe ukiongea kama yeye atajifunza kwa nani?

Kuhusu jana na kesho, kuwa na subira. "Jana nitaenda kwa kogo" ni sentensi ya kawaida kabisa kwa mtoto wa miaka mitatu. Kwake muda ni wa aina mbili, sasa na si sasa. Msaidie kwa vipimo anavyovijua: "tukishalala tukaamka", "baada ya chai". Hapo ataelewa safari ya Rongai ni lini, nawe hutaulizwa kila baada ya dakika tano.

Maswali ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote. Mtoto anapouliza jambo la kuchekesha, mjibu kwanza, cheka baadaye. Ukicheka kwanza anajifunza kwamba swali lake ni mchezo wa kufurahisha wakubwa, na ataanza kuuliza ili achekwe. Ukimjibu, anajifunza kwamba kuuliza kunaleta kitu. Jibu liwe fupi, liwe la kweli, liwe ndani ya anayoyaona.

Mpeleke kando ya Ziwa Nakuru na atauliza nani aliwapaka flamingo rangi. Mwambie ni chakula chao. Wanakula mwani mdogo sana wa majini wenye rangi ndani yake, na flamingo mtoto huanza maisha akiwa wa kijivu. Hiyo ni kweli na inaeleweka. Jiandae tu kwa kitakachofuata, maana mtoto mmoja niliyemsikia akijibiwa hivyo alikaa kimya, akafikiri, na wakati wa chakula cha jioni akaisukuma sahani: "Sitaki sukuma wiki. Nitakuwa kijani." Hakuna hakimu ambaye angeona kasoro katika hoja hiyo. Njia ya kumjibu ni kwenda naye kwenye hoja hiyohiyo: mwonyeshe mkono wako, mwambie umekula sukuma tangu utotoni, atazame mwenyewe kama umebadilika rangi.

Vivyo hivyo na Menengai. Mtoto akiona mvuke unapanda kutoka kwenye kreta atauliza nani anapika kule. Mwambie chini kuna mawe ya moto sana, maji yanayafikia, yanachemka, mvuke unatoka, na mwonyeshe sufuria ya chai inavyofanya. Akiwa mkubwa kidogo mwongezee kwamba Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa namna hiyo umekuwa ukizalisha stima tangu 1981. Nayo stima ina kisa chake. Sisi husema "stima imepotea", na mtoto anatuamini. Ukimwona siku hiyo anainamia chini ya kitanda na kufungua kabati gizani, anaitafuta. Mruhusu aitafute na mshumaa ukiwa mkononi mwako, kisha mweleze kwamba imekatika njiani, mbali, na kuna watu wanaitengeneza.

Mbele za watu mambo huwa magumu zaidi, na hapo ndipo heshima ya mtoto hujaribiwa. Mko kwenye tuktuk ya kutoka mjini kwenda Free Area, mzee mwenye kitambi ameketi mkabala nanyi, na sauti ndogo inauliza wazi, "Mama, huyu baba amebeba mtoto?" Usimfinye. Usimzibe mdomo. Mwambie mzee, "Samahani mzee," kwa sauti ya kawaida, na wazee wetu wengi hucheka na kusema huyo ni mtoto. Kisha mwambie mwanao polepole kwamba mambo ya miili ya watu mtayaongea nyumbani. Mkifika nyumbani, yaongeeni kweli. Ukiahidi na usifanye, kesho atauliza papo hapo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Kisa kingine kinachojulikana kila ploti ni cha mtoto anayefungua mlango na kumwambia mwenye nyumba, "Mama amesema hayuko." Watu hucheka kisa hicho miaka na miaka. Mimi nadhani hapo lawama ni ya mkubwa. Usimtume mtoto wa miaka mitatu mlangoni na uongo, hawezi kuubeba. Uongo wake mwenyewe ataanza kuujaribu kati ya miaka miwili na mitatu, na utakuwa dhahiri: paka amekula sukari, na sukari iko kwenye nyusi zake. Usimfanyie kesi. Sema tu unachokiona, "Naona sukari usoni kwako," mpanguse, uweke bakuli juu zaidi.

Wageni wakija, kuna tabia ya kumwita mtoto katikati ya sebule: "Hebu mwambie shangazi ulivyosema juzi." Iache. Neno lilitoka kwa sababu ya jambo lililokuwepo siku ile, na sasa halipo. Mtoto anaangalia miguu yake, wageni wanangoja, na baadaye anaambiwa ana haya. Wasomee wageni kutoka kwenye daftari, yeye akiwa anacheza. Akisikia na kuja mwenyewe kuongeza maneno, hiyo ni furaha ya bure.

Simu nayo ina kishawishi. Mrekodi mtoto, iweke video salama, mtumie nyanya yake. Lakini kumweka mtandaoni akiwa kwenye poti, au akilia kwa sababu ndizi imevunjika vipande viwili, ni jambo jingine. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inampa mtoto wa Kenya haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Maana yake ni kwamba wewe ndiwe mlinzi wa lango. Kipimo changu ni hiki: kama usingependa mwalimu na wanadarasa wenzake waione atakapokuwa shule ya upili, ibaki nyumbani.

Kuna vituko ambavyo si vya kuandika kwanza. Mtoto akisukuma harage puani, usilichokoe kwa pini na usimwagie maji, kwa sababu harage huvimba. Mpeleke hospitali. Betri ndogo ya mviringo, ile ya rimoti au ya saa, ikimezwa au ikiingia puani ni dharura ya saa hiyohiyo, maana inaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto aliyeyanywa usimtapishe, mkimbize hospitali. Na jiko la makaa lisiachwe sakafuni na mtoto ambaye ametoka kugundua kwamba yeye pia anaweza "kupika".

Daftari lina faida nyingine ambayo huenda hukuifikiria. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto mnachopewa kliniki kina sehemu ya hatua za ukuaji, na muuguzi akikuuliza mtoto anasema nini, utakuwa na jibu lililoandikwa. Mtoto wa miaka miwili kwa kawaida huunganisha maneno mawili, "maji ingine", "baba enda". Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja, kwa sababu mwenye maneno ya Kikuyu na ya Kiswahili hana upungufu, na kuwa na lugha nyingi hakumcheleweshi mtoto. Lakini asipounganisha maneno akiwa na miaka miwili, au asipogeuka unapomwita, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje wala usikubali kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa. Nenda kliniki, uombe masikio yapimwe. Kuna pia vituo vya serikali vya kuwapima watoto, EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, na muuguzi anaweza kukuelekeza kilicho karibu nawe.

Usihangaike daftari likiwa na mapengo. Wiki nyingine hakuna neno, wiki nyingine kurasa mbili hazitoshi. Mwandiko ukiwa wa watu watatu, ukiwa na doa la mchuzi, sawa. Wafundishe na ndugu zake wakubwa kuandika humo. Wa darasa la tatu anaweza, na mara nyingi yeye ndiye anayenukuu vizuri kwa sababu hana haraka ya kunyoosha. Na usiku huu, mtoto akishalala, waite waliokuwa naye mchana, waulize alisema nini, na mwandike kabla hamjazima taa.